Mwongozo Kamili wa Kupanga Muziki na Televisheni kwa Ajili ya Kula Vizuri na Kufanya Mazoezi

Saa mbili usiku, taarifa ya habari inapoanza, ndipo chakula kinapopakuliwa katika nyumba nyingi za mijini kwetu. Mkeka unatandikwa, sinia la ugali linaletwa pamoja na bakuli la dagaa na matembele, watu wananawa, kisha macho yote yanarudi kwenye kioo cha televisheni. Jioni moja nilikuwa nimekula mapema, nikakaa kwenye kochi nikiwatazama wanangu. Wa pili alimega tonge, akalifinyanga, akalichovya kwenye mchuzi, na hapo likaanza tangazo la soda. Tonge lilibaki hewani, karibu na mdomo, mpaka tangazo likaisha. Alilila bila kulitazama, akauliza kama kuna soda kwenye friji, ilhali kikombe cha maji kilikuwa mbele ya goti lake. Sinia lilipoondolewa, hazikupita dakika ishirini kabla hajauliza kama maandazi ya asubuhi yamebaki.

Tangu siku ile nimelifuatilia jambo hili kwa kusoma tafiti na kwa kujaribu nyumbani, na nimefikia imani moja ambayo ndiyo msingi wa mwongozo huu wote. Muziki na televisheni vinafanya kazi ileile mezani na barabarani: vinauteka umakini wetu tusiusikilize mwili. Mezani mwili unasema umeshiba, nasi hatuusikii. Barabarani mwili unasema umechoka, nasi hatuusikii vilevile. Kwa hiyo hakuna haja ya kuuza televisheni wala kuipiga marufuku sabufa. Kinachohitajika ni kuvihamisha, viondoke kwenye chakula viende kwenye mazoezi.

Elewa kwanza kinachotokea

Shibe si jambo la tumbo peke yake. Taarifa kutoka tumboni na kwenye utumbo huchukua muda kufika kwenye ubongo, na ubongo nao huitumia kumbukumbu ya mlo uliopita kuamua kama kuna haja ya kula tena. Suzanne Higgs wa Chuo Kikuu cha Birmingham nchini Uingereza amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Katika jaribio alilolichapisha na mwenzake mwaka 2009, wanawake waliokula chakula cha mchana huku wakitazama televisheni walikula biskuti nyingi zaidi alasiri kuliko walipokula bila televisheni, na kumbukumbu yao ya mlo ule ilikuwa hafifu. Mapitio ya majaribio mengi ya namna hii yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba kula huku umakini uko kwingine kunaongeza kiasi kinacholiwa papo hapo, na kunaongeza zaidi kile kinacholiwa baadaye. Hili la pili ndilo watu wengi hawalijui, nami naliona kuwa kubwa kuliko la kwanza: hasara ya chakula cha mchana kilicholiwa mbele ya skrini huonekana saa kumi jioni, kwenye karanga na vitumbua.

Sauti ina njia nyingine ya kuingilia. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2011, watu walioonja vyakula huku kelele kubwa ikipigwa masikioni mwao waliuona utamu na chumvi kuwa vimepungua. Watafiti Ryan Elder na Gina Mohr nao walionyesha mwaka 2016 kwamba watu waliovaa hedifoni zenye sauti kubwa iliyofunika mlio wa kutafuna kwao wenyewe walikula wastani wa vipande 4 vya biskuti ngumu za chumvi, wakati waliosikia mlio huo walikula 2.75. Ni tofauti ya kipande kimoja na kitu, lakini mtu anayekula bisi au korosho kila usiku mbele ya spika iliyofunguliwa sana anairudia tofauti hiyo mara nyingi kwa mwaka.

Neno la tahadhari kabla ya kuendelea. Baadhi ya takwimu zinazosambazwa sana kuhusu ulaji wa kutojitambua zilitoka kwa Brian Wansink, aliyekuwa mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, ambaye tafiti zake nyingi zimefutwa. Mwezi Septemba 2018 pekee majarida ya kitabibu ya JAMA yalizifuta sita. Kwa sababu hiyo sizitumii hapa, na ninamshauri msomaji azipokee kwa shaka nasaha za ukubwa wa sahani na bakuli zinazotajwa kwa jina lake.

Hatua ya 1: Andika kwa siku saba bila kubadilisha chochote

Chukua daftari na uligawe katika safu nne: saa, ulichokula, sauti au picha iliyokuwapo, na kilichokufanya uanze kula. Safu ya nne ndiyo yenye thamani. Andika kwa ukweli: njaa, wengine walikuwa wanakula, tangazo, mpira ulianza, nilikuwa nimekaa tu. Usiandike uzito wa chakula wala kalori, kwa kuwa kazi hiyo huwachosha watu na daftari likaachwa siku ya tatu. Pembeni weka alama kila siku uliyotembea au kukimbia walau dakika kumi mfululizo, na kama ulikuwa na muziki.

Siku ya nane tafuta saa moja tu ambayo sauti na ulaji vimeshikamana kuliko saa nyingine zote. Kwa familia yangu ilikuwa saa tatu usiku, wakati wa tamthilia, ambapo watu waliokwisha kula walikuwa wanakula tena. Anza na saa hiyo. Mtu anayetaka kusafisha siku nzima kwa mara moja hufika Ijumaa amerudi alikotoka.

Hatua ya 2: Tenganisha mlo mmoja na skrini

Chagua mlo mmoja kwa siku ambao televisheni itazimwa na simu zitawekwa mbali, kisha uulinde kwa wiki mbili kabla ya kuongeza wa pili. Wengi hufikiri kwamba ugumu uko kwenye nia, lakini mara nyingi uko kwenye mpangilio wa chumba. Mwenye sebule na chumba cha kulia ahamishe chakula. Anayeishi chumba kimoja, kama wengi wetu tulivyoanza maisha, hana pa kuhamia, kwa hiyo ageuze mkeka: walaji wakae migongo ikielekea televisheni, na kioo kifunikwe kitambaa. Kitambaa kinasaidia kwa sababu rimoti iliyo karibu na mkono huwashwa bila mtu kuamua, ilhali kufunua kitambaa kunahitaji kuinuka.

Kama taarifa ya habari ni ya lazima nyumbani, na kwa wazee wetu mara nyingi ni ya lazima, usianzishe ugomvi nayo. Sogeza chakula. Kipakuliwe saa moja na nusu, na saa mbili vyombo viwe vimeondolewa. Mwambie mzee mapema, kwa heshima, kwamba mnataka kula naye mkizungumza. Nimeona baba mkwe aliyekuwa mkali kuhusu habari akilikubali jambo hili siku ya kwanza, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwomba mazungumzo wakati wa kula.

Kuhusu vitafunwa vya usiku kanuni ni moja: kisiletwe kifungashio mbele ya televisheni. Pima karanga kwenye kikombe kidogo cha kahawa, funga mfuko, urudishe kabatini, ndipo ukae. Mkono usio na mwongozo wa macho husimama tu pale chombo kinapokuwa kitupu, kwa hiyo amua ukubwa wa chombo ukiwa bado jikoni.

Hatua ya 3: Ukitaka muziki wakati wa kula, uchague kwa makini

Wapo wanaoona ukimya wa mezani kuwa mzito, hasa anayekula peke yake. Muziki wa chini unafaa kuliko televisheni, mradi kiwango cha sauti kiangaliwe. Dipayan Biswas na wenzake walifanya jaribio kwenye mkahawa mmoja mjini Stockholm, Uswidi, na kulichapisha mwaka 2019: siku ambazo muziki ulipigwa kwa desibeli 70 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) badala ya 55, wateja waliagiza vyakula visivyofaa kiafya kwa takribani asilimia 20 zaidi. Watafiti walieleza kwamba sauti ya juu huusisimua mwili, na mwili uliosisimka huelekea kwenye mafuta na sukari, wakati sauti ya chini hutuliza na kumpa mtu nafasi ya kufikiri.

Huhitaji kipimo. Mwambie aliye upande wa pili wa meza, kwa sauti yako ya kawaida, akupe chumvi. Kama imekubidi uinue sauti, au akauliza “umesemaje?”, punguza. Ala tupu au taarab ya zamani yenye mwendo wa taratibu inafaa, ingawa sitaki msomaji adhani kwamba muziki wa polepole ni dawa ya kupunguza ulaji. Ronald Milliman, mtafiti wa Marekani, alionyesha mwaka 1986 kwamba wateja wa mgahawa waliopigiwa muziki wa polepole walikaa wastani wa dakika 56 badala ya 45. Chakula hawakukiongeza sana, lakini vinywaji vya baa waliviongeza kwa kiasi kikubwa. Nyumbani tafsiri yake ni hii: piga muziki wa taratibu ili utafune polepole, na jagi la juisi ya sukari libaki jikoni.

Hatua ya 4: Walinde watoto dhidi ya matangazo

Hapa sina upole, kwa sababu mtoto hana kinga. Jennifer Harris, John Bargh na Kelly Brownell wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha mwaka 2009 jaribio ambalo watoto wa miaka 7 hadi 11 walitazama katuni ileile, kundi moja likiwekewa matangazo ya vyakula na lingine matangazo ya vitu vingine, huku kila mtoto akiwa na bakuli la vitafunwa. Waliotazama matangazo ya vyakula walikula asilimia 45 zaidi, tena vitafunwa walivyokuwa navyo havikuwa vile vilivyotangazwa. Tangazo halikuwauzia bidhaa yake tu. Liliamsha kula kwenyewe. Shirika la Afya Duniani limezitaka nchi tangu mwaka 2010 zidhibiti matangazo ya vyakula vya aina hii yanayowalenga watoto, na mzazi hana sababu ya kusubiri sheria.

Nyumbani fanya hivi. Tangazo la chakula likianza, zima sauti na umuulize mtoto: “Wanataka tununue nini hapo?” Mtoto wa miaka minane akishazoea kulijibu swali hilo hugeuka kuwa mchunguzi, na mchunguzi hanyooshi mkono haraka. Weka ndizi au machungwa yaliyomenywa mahali anapofikia mwenyewe, kwa kuwa hamu iliyoamshwa hushika kilicho karibu. Kwa watoto wadogo kabisa, mwongozo wa Shirika hilo wa mwaka 2019 unasema wa chini ya mwaka mmoja wasiwekwe mbele ya skrini hata kidogo, na wa miaka miwili hadi minne wasizidi saa moja kwa siku.

Mtafiti Thomas Robinson alifanya jambo kama hili katika shule mbili za msingi mjini San Jose, California. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1999, yanawapa wazazi matumaini: watoto wa shule moja walifundishwa kupunguza televisheni, wakianza na siku kumi bila kutazama kabisa na kisha bajeti ya saa saba kwa wiki, na mwishoni mwa mwaka wa masomo unene wao haukuwa umeongezeka sana kama wa wenzao. Milo yao mbele ya televisheni ilipungua pia. Bajeti ya saa ni wazo zuri la kuiga: mpe mtoto kadi saba kila Jumapili, kila moja ikiwa na thamani ya saa moja, naye aamue atazitumia lini.

Hatua ya 5: Jiandae kabla ya kuingia dukani au mgahawani

Muziki wa dukani una mwenye kuuchagua, na mwenye kuuchagua ana biashara. Milliman huyohuyo alionyesha mwaka 1982 kwamba duka kubwa la vyakula lilipopiga muziki wa polepole badala ya wa haraka, wateja walitembea taratibu na mauzo yakapanda kwa asilimia 38. Adrian North na wenzake, katika utafiti wa mwaka 1997 uliofanyika kwenye duka la Uingereza, walipiga muziki wa Kifaransa na wa Kijerumani kwa siku tofauti, na mvinyo wa nchi iliyoimbwa ndio ulionunuliwa zaidi. Walipohojiwa, wanunuzi wengi hawakukubali kwamba muziki uliwaongoza.

Kwa hiyo andika orodha nyumbani, kula kwanza, na ukipenda vaa hedifoni uingie na muziki wako wenye mwendo wa kutembea. Sokoni shida hii ni ndogo, kwa kuwa kelele za soko ni za watu wanaozungumza nawe. Kwenye nyama choma yenye bendi au spika kubwa, agiza kabla muziki haujapandishwa, na uagize mara moja.

Hatua ya 6: Upeleke muziki kwenye mazoezi

Waliosoma shule za msingi Tanzania waliijua siri hii utotoni. Mchakamchaka wa alfajiri ulikuwa na kiongozi anayeimba na safu nzima ikiitikia, miguu ikitua pamoja kwenye vumbi, na mtoto ambaye peke yake angesimama kwenye mwembe wa kwanza aliuzunguka uwanja mara nyingi, kwa sababu mguu wake ulikifuata kiitikio. Vikundi vya jogging vinavyopita Jumapili asubuhi na filimbi, Dar es Salaam na Zanzibar, vinafanya jambo hilohilo.

Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, ameonyesha kwa tafiti nyingi kwamba muziki unaofaa hupunguza hisia ya uchovu kwa takribani asilimia 10 katika mazoezi mepesi na ya wastani. Katika mazoezi makali sana hisia hiyo haipungui sana, maana mapafu yanapiga kelele kuliko spika, ingawa mtu bado hufurahia zaidi. Mwaka 2010 watafiti wa Liverpool waliongeza kasi ya muziki kwa asilimia 10 kwa vijana 12 waliokuwa wakiendesha baiskeli, na umbali wao ukaongezeka kwa asilimia 2.1, walipoupunguza kasi, umbali ukapungua kwa asilimia 3.8. Mwethiopia Haile Gebrselassie aliweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 za ndani mjini Birmingham mwezi Februari 1998 huku wimbo wa kasi ukipigwa uwanjani.

Panga nyimbo zako kwa kuhesabu. Washa wimbo, gonga mguu kwa kila pigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukipata 28, wimbo una mapigo 112 kwa dakika. Hatua 100 kwa dakika ndizo kiwango ambacho kutembea kwa mtu mzima huanza kuhesabiwa kuwa mazoezi ya wastani, kwa hiyo wimbo wa 112 unafaa kwa kutembea kwa haraka. Kwa kukimbia polepole tafuta 120 hadi 140. Singeli, ambayo mara nyingi hupita mapigo 200, usiiache: kanyaga hatua moja kwa kila mapigo mawili, na wimbo wa 240 utakupa hatua 120 zilizo thabiti. Anza na nyimbo mbili za taratibu za kupasha mwili, weka za kasi katikati, malizia na moja ya polepole. Nyimbo nane zinatosha kwa dakika 30, na dakika 30 kwa siku tano ni dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima kwa wiki.

Barabarani vaa kisikilizio cha sikio moja tu, lile lililo mbali na magari, kwa sababu bodaboda haitoi onyo mara mbili. Sauti isizidi ile inayokuruhusu kumsikia mtu anayekusalimu. Mwongozo wa kimataifa kwa watu wazima ni desibeli 80 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki.

Hatua ya 7: Itumie televisheni kama ujira wa kusogea

Katherine Milkman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha mwaka 2014 jaribio ambalo watu walipewa riwaya za kusikiliza zenye kusisimua, lakini kundi moja liliweza kuzisikiliza ukumbini mwa mazoezi tu. Mwanzoni kundi hilo lilifika huko kwa asilimia 51 zaidi ya waliokosa mpango huo, kisha likizo ilipoingia nguvu ikafifia. Chukua wazo pamoja na udhaifu wake. Chagua tamthilia moja unayoipenda kweli, uitazame ukiwa umesimama, ukipanda na kushuka kigoda au ukiruka kamba, na usiitazame kwa namna nyingine yoyote. Baada ya safari, msiba au sikukuu anza upya kwa makusudi kwa kuchagua tamthilia mpya.

Wapenzi wa mpira wana kipimo cha bure: mapumziko ni dakika 15. Toka nje utembee hadi mwisho wa mtaa na urudi, muda ambao vinginevyo huishia kwenye chipsi mayai. Kwa asiyeweza zaidi ya hapo, ainuke walau kila dakika ishirini na atembee dakika mbili. Watafiti wa Melbourne, Australia, walionyesha mwaka 2012 kwamba matembezi mafupi ya namna hiyo hupunguza kupanda kwa sukari kwenye damu baada ya kula kwa watu wazima wenye uzito mkubwa.

Hatua ya 8: Rudi kwenye daftari baada ya wiki nne

Andika tena siku saba kwa safu zilezile, kisha uyaweke madaftari mawili kando kwa kando. Usiangalie mizani kwanza. Angalia safu ya nne: mara ngapi sasa umeandika “njaa” ukilinganisha na mwanzo, na alama ngapi za kutembea zimeongezeka pembeni. Kama mlo mmoja umesimama imara, ongeza wa pili. Kama umeshindikana, mara nyingi utakuta saa iliyochaguliwa ni ya mtu mwingine nyumbani, mama anayeisubiri tamthilia yake kutwa nzima au kijana na ligi yake. Keti naye mchague saa nyingine. Mwezi wa Ramadhani futari na vipindi vya jioni hugongana, kwa hiyo lindeni dakika ishirini za kwanza baada ya adhana ya magharibi, zenye tende, maji na uji, kisha televisheni iwashwe vyombo vikishaondolewa.